Bolti Namba Sita

Wiki tatu baada ya kumzika mjomba, mama alinipa ufunguo wa sanduku lake la bati akaniambia nichague ninachotaka, kingine tugawe. Nilipoinua kifuniko, harufu ilinifikia kabla ya vitu: mafuta ya taa, grisi iliyozeeka, na kwa mbali pilipili manga, maana katika nyumba ile hakikuwapo kitu ambacho hakijawahi kulala karibu na gunia la pilipili manga. Chini ya spana, chini ya shati lake la kazi alilolikunja kama kanzu ya Ijumaa, nilikuta kipande cha boksi. Kilikuwa na matundu manane, manne juu na manne chini. Kando ya kila tundu kulikuwa na namba kwa mwandiko wa mtoto, na mbele ya kila namba alama tatu za vema zilizopigwa kwa penseli.

Tatu kila mahali, isipokuwa mahali pamoja. Namba sita ilikuwa na mbili.

Nilikaa sakafuni. Mimi mtu mzima, mwenye watoto wawili wanaoniona jasiri, nilizihesabu tena vema zile kwa kidole, kwa woga. Nilikuwa nikidhani woga ule nimeuacha zamani. Kumbe mjomba alinihifadhia.

Wa rika langu mtakumbuka miaka ile kirikuu zilipoanza kujaa mjini, vile vigari vidogo vya mizigo vyenye sura kama ya mtu aliyeshtuka. Mama alikuwa na kimoja, cheupe, na alikiendesha mwenyewe. Tulikaa Bigwa, pale ambapo barabara inatoka mjini na kuanza kuifikiria milima. Kila siku ya gulio mama alipanda nacho hadi Kinole kununua machungwa, ndizi na viungo, na jioni akateremka nacho kimejaa hadi kwenye kingo. Nyumba yetu ilikula, ikavaa na ikasoma kutokana na kigari kile. Sikuwa na baba wa kumtaja. Nilikuwa na mama, na nilikuwa na Mjomba Salehe, kaka yake mama, na kwetu Waluguru mwenye mjomba hajapungukiwa. Neno lake ndilo lilikuwa la mwisho. Hakulisema kwa sauti kubwa, na labda ndiyo maana nilimwogopa.

Siku moja kirikuu kilimzimikia mama mlimani. Kilitoa moshi mweupe, kikakosa nguvu, kikaanza kurudi nyuma taratibu na mzigo wake hadi kilipoegemea ukingo wa udongo. Mama alirudi nyumbani jioni na lori la watu, viatu mkononi, akakaa kwenye ngazi ya mlango. Nilimpelekea maji. Kikombe kiligonga meno yake. Sijapata kusikia sauti nyingine iliyonifundisha haraka hivyo kwamba mama naye ni mtu anayeweza kufa.

Kigari kilipovutwa hadi nyumbani, mjomba alichomoa kijiti cha kupimia oili akanionyesha. Oili, ambayo inatakiwa iwe nyeusi au rangi ya asali, ilikuwa kama chai ya maziwa.

"Hii ni nini, mpwa?"

"Chai," nikasema.

"Chai ya nani? Maji yameingia kwenye oili. Gasketi imeungua."

Ngoja nieleze kidogo kwa wale ambao hawajawahi kuona injini ikiwa wazi, kwa sababu bila hilo woga wangu hautaeleweka. Injini ile ilikuwa na sehemu mbili kubwa: ya chini, yenye pistoni tatu zinazopanda na kushuka, na ya juu, ambayo mafundi huiita silinda hedi, inayokaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Kati ya hizo mbili kuna karatasi ngumu, ndiyo gasketi, inayozuia moto, maji na oili visichanganyike. Kinachobana vyote hivyo pamoja ni bolti nane tu. Jambo la mwisho, na hili ndilo lililonikosesha usingizi: kwenye kirikuu, injini haiko mbele. Iko chini ya viti. Ukitaka kuitengeneza unainua kiti cha dereva, na hiyo hapo. Mama alikuwa anakalia injini.

Kwa siku kadhaa mjomba alifungua, akaosha, akabadilisha ringi za pistoni, akarudisha sehemu ya chini mahali pake. Siku ya kufunga hedi ilikuwa Ijumaa alasiri. Gulio la Kinole lilikuwa kesho yake, na mama alikwishawaahidi watu wa machungwa.

Mjomba alikuwa na desturi yake ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Alisema: anayekaza hahesabu, na anayehesabu hakazi. Mkono ukichoka, alisema, unaanza kudanganya kichwa. Unasema nimeshapita hapa, kumbe ulitamani tu kuwa umeshapita. Kwa hiyo kazi ya bolti za hedi ilitaka watu wawili, na siku ile mtu wa pili alikuwa mimi, darasa la nne, nikiwa na penseli na kipande cha boksi mapajani. Boksi lile lilitobolewa mfano wa hedi yenyewe, na kila bolti ilisimama kwenye tundu lake, imeoshwa kwa mafuta ya taa na kukaushwa kwa kitambaa kama kijiko cha harusi.

"Tunaanzia wapi?" aliniuliza, akinijaribu.

"Katikati."

"Kwa nini?"

"Kama kutandika shuka. Unatoa mikunjo katikati, unaisukuma pembeni."

"Na tunakaza mara ngapi?"

"Mara tatu, mjomba. Ya kwanza tunaziamkia. Ya pili tunazikaribisha kiti. Ya tatu ndiyo hazinyanyuki tena."

"Na ukipotea hesabu?"

Hapa nilijibu kwa sauti ndogo kidogo. "Tunalegeza zote, tunaanza upya."

"Zote. Hata kama tumebakiza moja."

Halafu akaniambia kitu ambacho alidhani kitanisaidia kuwa makini. Alisema juu ya kila pistoni mna moto unaolipuka mara nyingi sana kwa dakika, moto mdogo mdogo, na bolti hizi nane ndizo zinazoushika usitoke. Alikuwa anasema kweli. Lakini mimi nilichoona kichwani ni bolti moja iliyolegea ikirushwa na moto ule kama risasi, kwenda juu. Na juu kulikuwa na kiti.

Raundi mbili zilikwenda vizuri. Mimi nataja namba, yeye anaweka spana yake ndefu yenye mshale unaoonyesha nguvu, anavuta polepole hadi mshale ufike alipotaka, anasema "Imekaa," nami napiga vema. Kulikuwa na utulivu kama wa mtihani. Juu yetu wingu lilikuwa limefunika vilele vya Uluguru na hewa ilinukia mvua ya mbali. Raundi ya tatu, moja, imekaa. Mbili, imekaa. Tatu. Nne. Tano, imekaa.

"Sita," nikasema.

Mjomba akaweka spana kwenye sita.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa Bibi Zena, jirani yetu wa nyumba ya tatu, ambaye kesho yake alikuwa apande na mama kwenda Kinole kumwona dada yake. Sasa, ninyi mliolelewa kama mimi mnajua. Mtoto hasalimii mkubwa akiwa amekaa, na hasalimii mikono ikiwa na shughuli. Na Bibi Zena hakuwa mkubwa wa kupuuzwa. Mwaka mmoja kabla, nilimpita kisimani bila kumwona, na kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulijua kwamba binti wa kirikuu hana adabu. Mama alinirudi kwa hilo. Kwa hiyo niliweka boksi chini, penseli juu yake, nikasimama nikapiga goti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Mama yako?"

"Hajambo, yuko sokoni."

"Na shule?"

"Nzuri."

"Na lile jino?"

"Limeng'oka, bibi."

"Alhamdulillahi. Na wewe Salehe, ndiyo umeingia mzima mzima kwenye kiti, hata kichwa hakionekani?"

Mjomba naye akatoka, akafuta mikono, akatoa shikamoo yake, wakaulizana habari za dada wa Kinole, mguu wake, dawa zake, watoto wake, na mvua ya huko. Bibi Zena akaniona narudi kwenye boksi langu.

"Mtoto wa kike na mainjini! Salehe, huyu nani atamwoa?"

"Ataolewa na mwenye gari bovu, bibi. Hao hawaishi."

Bibi akacheka, mjomba akacheka, akaingiza tena mwili wake nusu ndani ya gari, akainua spana.

"Haya mpwa. Tumefika wapi?"

Niliangalia boksi. Tano ilikuwa na vema tatu. Sita ilikuwa na mbili. Hii ilimaanisha kwamba sikusikia "Imekaa." Lakini je, hakuisema, au aliisema wakati ule ule nikisimama? Nilimwona akiweka spana. Nilimwona akivuta? Nilijaribu kurudisha picha ile, na kila nilipoirudisha ilikuja tofauti; mara amevuta, mara ameshika tu. Na Bibi Zena alikuwa amesimama pale, kiganja kiunoni, akisubiri kuona mtoto wa kike na mainjini. Nikisema nimepotea, bolti zote nane zinalegezwa, raundi tatu zote zinaanza upya, mama anachelewa, na mtaa mzima unajua kabla ya jua kuzama.

"Saba," nikasema.

Mjomba alinitazama. "Saba?"

"Saba."

Akakaza saba. Akakaza nane. "Imekaa," alisema, nami nikazipigia vema zao, sita nikiiacha na mbili.

Alifuta mikono. Alinipa hela akanituma duka la barabarani nikamletee galoni ya oili, na nisirudi na ya kupimwa kwenye chupa. Nilikwenda nikirudia sita, sita, sita, kwa kila hatua. Dukani kulikuwa na foleni, na niliifurahia. Niliporudi, niliona jambo lililonimaliza kabisa. Bibi Zena alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, kando ya mlango wa gari ulio wazi. Tasbihi ilikuwa mkononi. Macho yake yalikuwa kwenye injini, midomo inatikisika, na kidole gumba kinasukuma punje moja, kinasubiri, kinasukuma nyingine. Nilisimama na galoni yangu. Mjomba alitoa kichwa ndani ya gari, na waliponiona walinyamaza. Bibi alisukuma punje moja ya mwisho, akasema "Alhamdulillahi," akainuka akishika magoti.

Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Bibi Zena ni mcha Mungu, ameona kwa macho ya wazee kwamba safari ya kesho ina jambo, naye amekaa kuiombea injini dua. Kama mtu mkubwa vile anaogopa, mimi ni nani?

Alasiri ile ile mjomba alifunga mkanda wa taiming, na aliniita nione. Hata sasa naweza kukueleza ulivyo, kwa sababu macho yangu yalishika kila kitu siku ile, kama macho ya mwizi. Kuna gia ya chini inayozungushwa na pistoni na gia ya juu inayofungua na kufunga valvu, vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi, na mkanda wenye meno unaziunganisha zisipishane. Kila gia ina nukta. Nukta ya chini itazame alama yake, nukta ya juu itazame yake, ndipo mkanda uvae. Ukikosea jino moja tu, pistoni inapanda wakati valvu bado iko njiani, zinagongana.

Alipomaliza hakuwasha. Alilala chini ya gari, akashika gia ya chini kwa spana, akaizungusha kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili, hadi nukta zote zikarudi nyumbani.

"Unaona, mpwa? Injini iliyokosewa, ukiizungusha kwa mkono, inagoma tu. Inakwambia taratibu: hapa pana kitu. Ukiiwasha kwa ufunguo, itakwambia kwa hasira, na utakuwa umechelewa." Akatoka chini ya gari, akakaa pale pale mavumbini akanitazama. "Una neno?"

Nikatazama nukta, si yeye. "Sina, mjomba."

Alikaa kidogo zaidi, kama mtu anayesubiri bolti ikae. Halafu akainuka.

Jioni aliiwasha. Ilishika mara ya kwanza, ikanguruma kwa sauti laini ambayo hatukuwa tumeisikia kwa muda mrefu. Mama alipiga kigelegele. Mimi nilikimbilia nyuma ya jiko. Kwangu sauti ile nzuri ilikuwa ya kitu kinachojificha.

Usiku ule nilikula kwa kujifanya. Alfajiri, mama akiswali, nilitoka na sinia letu kubwa la chuma, lile la kulia pilau sikukuu. Niliinua kiti cha dereva, nikalilaza sinia chini ya mto wake, juu kabisa ya mahali ilipo namba sita, nikarudisha kiti. Nililigonga kwa kidole kabla ya kulifunika. Lilionekana nene jana yake jikoni. Pale lilionekana jembamba kama jani.

Basi nikaomba kwenda nao. Sikuwa na mpango. Nilitaka tu niwepo, ili nikiona moshi nipige kelele.

"Nafasi iko wapi?" mama aliuliza. "Viti ni viwili."

"Mwache nimpakate," Bibi Zena alisema. "Atanishikia kapu."

Tukaondoka mbingu zikianza kupauka. Barabara ilikuwa na ukungu, na migomba ilitoka mmoja mmoja ndani yake kama watu wanaokuja kusalimia. Nilikaa mapajani kwa bibi, kapu kifuani, nikitazama mguu wa mama kila ulipokanyaga mafuta. Joto la injini lilianza kupanda chini yetu. Nilijua ni la kawaida, na sikuamini ninachokijua. Tulipita Kiroka. Tukaacha barabara kubwa, tukaanza kupanda kwenyewe, mawe na makorongo, bonde upande mmoja na ukuta wa udongo mwekundu upande mwingine.

Hapo ndipo niliposikia. *Nga. Nga-nga. Nga-nga-nga.*

Ilikuwa sauti ya chuma, chini ya mama. Kila gari lilipovuta kwa nguvu, sauti iliongezeka. Nilimwona mama akikaza shingo, akainamisha kichwa upande.

"Mnasikia?" alisema.

"Nasikia," alisema bibi.

"Injini inagonga, imeanza kunoki. Salehe kafunga nini huku?"

*Nga-nga-nga-nga.* Niliiona sita ikizunguka kwenye tundu lake, ikipanda uzi mmoja, uzi mwingine, moto ukiisukuma kutoka chini. Mbele yetu kulikuwa na mwinuko ule ule, ukingo ule ule wa udongo ambao kirikuu kiliuegemea siku ya moshi mweupe. Alama ya bodi ilikuwa bado ipo ukutani. Mama naye aliiona. Akaushika usukani kwa mikono miwili. Niliachia kapu. Nikaushika mkono wa mama, nikauvuta.

"We mtoto! Utatuua!"

"Simama, mama! Simama! Sita haijakazwa! Itakutokea kwenye kiti!"

Mama alivuta breki ya mkono. Kirikuu kikatikisika, kikarudi nyuma kidogo, kikasimama. Bibi Zena, kwa miaka yake yote, alinisukuma kando, akaruka chini akatia jiwe nyuma ya gurudumu. Mama akazima injini. Tukasikia maji yakishuka bondeni.

Mama alifungua mlango. Alishuka, akainua kiti chake kwa mikono miwili, akaangalia ndani.

"Nani," alisema, "kaweka sinia langu la pilau juu ya injini?"

Bibi Zena alisogea, akachungulia, na akaanza kucheka. Alicheka akashika mlango wa gari, akacheka hadi akakaa kwenye jiwe lililokuwa linazuia gurudumu. Mimi nililia. Nililia nikisema yote kwa pamoja, hodi, na jino, na vema mbili, na saba, na moto, na kwamba niliweka sinia ili bolti ikiruka isimfikie. Mama alisikiliza sinia likiwa mkononi. Uso wake ulibadilika pole pole, na aliposikia la mwisho akageuka akatazama bonde.

"Njoo hapa, weye," Bibi Zena aliniita. Alinivuta katikati ya magoti yake akanifuta uso kwa pembe ya kanga. "Sita imekazwa."

"Bibi hujui."

"Nijue nini tena? Sita nimeihesabu miye mwenyewe."

Akatoa tasbihi yake kifuani, akainyoosha mbele yangu.

"Ulipokwenda dukani, mjomba wako kaniambia: bibi, salamu zako zimenilia bolti moja, njoo uzilipe. Kalegeza zote nane. Kaniweka kwenye kigoda chako. Kusoma sijui, lakini punje najua. Yeye akikaza, akisema imekaa, miye nasukuma. Nane mara tatu. Ishirini na nne. Umenikuta namalizia."

"Nilidhani unaomba dua."

"Na dua pia nikaitia. Nilikuwa nakwenda kuikalia, nitaacha?"

Mama alirudisha kiti, akanikabidhi sinia. Alinishika kidevu akaniangalia, akasema jambo moja tu: "Siku nyingine, unambie mimi. Sinia halitoshi." Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Tukapanda, nami sinia mapajani, na kirikuu kilivuta kile kilima bila kelele yoyote hadi Kinole.

Ningependa kusema kwamba woga uliisha pale. Uliisha wa bolti. Ukaanza wa mjomba. Njia nzima ya kurudi, machungwa yakinukia nyuma yetu, nilikuwa nikijiuliza: kama alijua, kwa nini aliniuliza kama nina neno? Na nilipopata jibu nilitamani nisingelipata. Gari alikwishalitengeneza. Pale mavumbini, akiwa amekaa ananitazama, alikuwa ananizungusha mimi kwa mkono.

Miaka mingi nilimhukumu kwa hilo. Mtoto kulala na woga ule, wakati neno moja lingemwondolea! Sasa nina watoto, nami nimeshakaa kando ya kitanda nikisubiri mtoto aseme jambo ninalolijua, na sijui hata leo kama kusubiri kule ni wema au ni ukatili. Labda naye hakujua. Bibi aliniambia baadaye kwamba Ijumaa ile mjomba alikaa kibarazani tangu magharibi hadi isha, akiangalia mlango niliokuwa nyuma yake.

Tulipofika nyumbani alikuwa uani, amekaa kwenye tairi la zamani. Hakutuuliza habari za barabara. Alisubiri mizigo ishuke na injini ipoe, kwa maana desturi ya mafundi wa wakati ule ilikuwa hivyo: injini ikishafanya safari yake ya kwanza na kupoa, bolti za hedi hupitiwa tena, kwa mpangilio ule ule. Jua lilipokuwa linagusa mlima aliinua kiti cha dereva, akafungua kifuniko cha valvu, akashika spana yake ndefu. Kigoda changu kilikuwa mahali pake. Boksi lilikuwa juu ya kigoda, na penseli juu ya boksi, kama nilivyoviacha.

Nilikaa. Nilitaka kuipiga sita vema yake ya tatu, akaniona.

"Iache," alisema. "Ile haikuwa yako."

Kisha akaingiza mwili wake nusu ndani ya gari, na kutoka huko ndani, bila kunitazama, akauliza swali lile lile la jana.

"Haya mpwa. Tumefika wapi?"

Nyuma yangu nilisikia kanga ya Bibi Zena ikipita uzioni. Ikasimama. Mama alikuwa mlangoni na chungwa mkononi. Wote wangesikia.

"Sijui, mjomba," nikasema. "Nimepotea."

Alitoa kichwa. Usoni mwake kulikuwa na mstari wa grisi, na chini ya mstari ule kulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona kwake kikielekezwa kwangu, naye alikigeuza haraka ndani ya injini kabla sijakishika vizuri.

"Vizuri," alisema. "Basi tunaanza upya."

Nikageuza boksi upande wake mtupu, nikaweka kidole kwenye tundu la katikati.

"Moja," nikasema.